Tairi Nne kutoka kwa Shemeki

Kyakimwa alipoolewa na Edmond, wanawake wa mtaa wao pale Butembo walimwambia ameangukia pazuri. Hawakuwa wakimzungumzia Edmond. Edmond alikuwa mwalimu wa hesabu, na mshahara wa mwalimu kila mtu aliujua: hufika umechelewa, na ukishafika haulali nyumbani. Walikuwa wakimzungumzia ndugu yake mkubwa, Paulin, mwenye depo ya vipuri na tairi, mtu wa kwenda Dubai na Kampala kama wengine waendavyo sokoni. Paulin ndiye aliyeezeka mabati nyumba ya Edmond. Paulin ndiye aliyemlipia Jemima, binti yao, shule ya masista. Hata ile gari yao, Toyota ya kijivu ya viti saba, ilitoka kwa Paulin, baada ya kukaa uani kwake miaka miwili bila mnunuzi.

Kyakimwa naye alikuwa mwalimu, wa darasa la sita, na alikuwa na tabia moja iliyomchosha mume wake: alisoma kila kitu. Alisoma tarehe kwenye kopo la maziwa. Alisoma ile karatasi nyembamba inayokunjwa ndani ya boksi la dawa. "Mama Jemima, nani alikuweka contrôleur?" Edmond alikuwa akimuuliza, na wote wawili wakacheka. Hiyo ilikuwa wakati ule wa kucheka.

Tairi za gari zilipokwisha, hakuna aliyebisha kwamba zimekwisha. Meno yalikuwa yamelika mpaka mtu akipitisha kiganja haoni tofauti na meza, na kwenye moja waya zilikuwa zimeanza kutokeza. Bahati nzuri mwezi ule ilikuwa zamu ya Kyakimwa katika likelemba, ule mchango ambao walimu wanawake humkusanyia mmoja wao kila mwezi. Alisema fedha ile itanunua tairi nne mpya na kitu kingine hapana.

Kabla ya kwenda kununua alipitia kwa Ignace. Ignace alikuwa kwado, fundi wa kuziba tairi, mwenye kibanda kando ya njia ya shuleni; mtu wa jimbo la Équateur, dereva wa jeshi wa zamani, ambaye vita vilimleta huku na mguu mbaya ukamzuia kurudi. Watoto wa shule walimwogopa kwa sababu ya sauti yake. Kyakimwa hakumwogopa, kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha mwana wa Ignace kusoma.

"Mwalimu, inama hapa," Ignace alimwambia, akageuza tairi iliyokuwa imelala. "Unaona haka kaduara karefu kwa ubavu? Ndani muko namba ine. Mbili za mbele ni juma, mbili za nyuma ni mwaka. Hii ni 1122. Juma ya kumi na moja, mwaka ya makumi mbili na mbili. Iko kijana."

"Na ikiwa muzee?"

"Ikipitisha miaka kumi, hata kama haijatembea, inakauka ndani. Lakini beko wajanja. Banaipaka dawa nyeusi, inang'aa kama kiatu ya seminariste. Banaichonga meno na kisu ya moto. Utaona meno mupya, kumbe mwili ni ya muzee. Hapa Butembo na baridi yetu inaweza kukuchunga siku mingi. Ukiteremuka mulima ya Kabasha, njia ya Beni, na joto, na gari imejaa batu, inapasuka bila kupiga hodi."

Kyakimwa aliyaandika yale kwenye daftari lake la kutayarisha masomo, na Jumamosi alikwenda na Edmond mjini. Katika duka la tatu walikuta tairi mpya za saizi yao. Alizisoma zote nne: hazikuwa zimetimiza hata mwaka. Bei ilikuwa kali lakini likelemba ingeifikia, ikibaki kidogo ya kununua sabuni. Edmond alizipigapiga kwa kidole, akakubali kwa kichwa. Kisha akamvuta mkewe nje ya duka kwa mkono.

"Nitamuambia Paulin nini?" alisema. "Atasikia leo leo kama tulinunua kwa mutu mwingine. Mutu aliyetupatia gari."

"Utamuambia tulinunua mupya. Yeye anauzisha occasion, zenye zilishatumika."

"Tupite tu kumusalimia."

Walipita kumsalimia. Paulin aliwapokea kwa mikono miwili, akawaagizia soda, akamwita Kyakimwa shemeki, yaani shemeji, na kumwuliza habari za darasa lake. Aliposikia shida yao alicheka kana kwamba wamemtania. Tairi? Watu wake watembee mjini wakitafuta tairi, na yeye analala juu ya tairi? Akaingia mwenyewe ndani ya depo, kati ya zile nguzo nyeusi za tairi zilizopangwa hadi darini, akatoka na nne, moja baada ya nyingine, akizibingirisha kwa mguu. Zilikuwa nyeusi tititi. Meno yalikuwa marefu.

"Dubai," alisema. "Si ile Chine ya karatasi. Shika uone uzito."

Kyakimwa hakushika. Aliinama. Kwenye mbili alisoma 2309. Kwenye moja alisoma 4108. Kwenye ya nne mahali pa namba palikuwa pamekwanguliwa, pamebaki laini kama kovu la kuungua.

"Shemeki Paulin," alisema polepole, "hizi ni za mwaka ya elfu mbili na nane na ya elfu mbili na tisa. Ziko na miaka kumi na tano."

Vijana wa depo walisogea kusikiliza. Paulin alimtazama Edmond, si yeye.

"Pneu inafanyaka anniversaire?" aliuliza, kana kwamba tairi huwa na siku ya kuzaliwa, na vijana wakacheka. "Mupira haiozaka kama maziwa, shemeki. Minauzisha mipira tangu mbele wewe uolewe."

Edmond alicheka pia. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, lakini Kyakimwa alikisikia. Paulin akasema atawafanyia bei ya familia, na bei ya familia ikameza likelemba yote. Saa moja baadaye tairi zilikuwa zimefungwa, na majirani waliopita walisema gari imekuwa mpya.

Jioni, wakati Jemima anaosha vyombo nje ya dirisha, Kyakimwa alimwambia mume wake mambo yote ya Ignace. Alimfungulia daftari. Alimweleza kwamba ile iliyokwanguliwa ndiyo ya kuogopa zaidi, maana mtu hakwangui namba nzuri.

"Unataka niende kumuambia ndugu yangu eko mwizi?" Edmond aliuliza.

"Nataka umuambie mipira ni ya zamani, atubadilishie."

"Ni kitu moja."

"Hapana. Si kitu moja."

"Kwake ni kitu moja," alisema Edmond, akafunga daftari taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Uache, Mama Jemima. Tunatembeaka hapa mujini tu. Shule, soko, misa. Uache."

Akaacha. Siku hiyo alidhani anaacha neno dogo.

Mama yao Edmond na Paulin aliitwa Sophie, na wajukuu walimwita Koko Sophie. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye kucheka kwa mabega, na alimpenda Kyakimwa kuliko wakaza wana wengine kwa sababu alimsomea barua. Mwezi wa saba habari ikamfikia kwamba binti wa marehemu dada yake, sista huko Beni, ataweka nadhiri za daima. Koko Sophie akasema atakwenda, hata ikibidi kwa miguu. Paulin alikuwa safarini Kampala. Basi Edmond akasema watampeleka kwa gari.

Kyakimwa alimwambia tena. Alimwambia asubuhi ya Ijumaa, uani, akiwa ameshika kikapu. Alisema wampakie mama kwenye gari ya abiria, wao waende na pikipiki. Edmond alikuwa akipangusa kioo. Alijibu bila kugeuka kwamba hawezi kumweka mama yake kati ya magunia ya watu, wakati gari yake mwenyewe iko hapa. Ndipo Koko Sophie akatokea na kitenge kipya na thermos ya chai ya kumpelekea sista, akasema, "Kyakimwa, mwanangu, panda tuende, jua linatoka."

Akapanda. Hilo ndilo neno ambalo baadaye hakuweza kulitoa mdomoni wala kulimeza. Alijua, na alipanda, na alimsaidia yule mama kuinua mguu kuingia kiti cha mbele.

Mpaka Maboya walikuwa wanaimba, Jemima akiongoza kutoka kiti cha nyuma. Barabara ilikuwa kavu, vumbi jekundu, malori ya mbao yakija mbele yao. Walipoanza kuteremka Kabasha, Edmond alipunguza mwendo. Hakuwa dereva mbaya, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alikimbiza. Joto la chini lilikuwa limeanza kuwapanda usoni. Tairi ilipopasuka haikupiga mlio mkubwa. Ilikuwa kama gunia la maharagwe linapoanguka kutoka juu ya lori. Gari likavutwa kulia, Edmond akashika usukani kwa nguvu zake zote, na gari likaenda lilikotaka, likagonga ukuta wa udongo kwa ule upande wa Koko Sophie.

Jemima alivunjika mfupa wa bega. Kyakimwa alichanika paji la uso. Edmond hakupata hata mchubuko. Waendesha pikipiki walisimama, na askari wawili wa kizuizi cha chini wakapanda mbio kusaidia, wakamtoa mama kwa kukata mlango. Kyakimwa aliketi chini, akakiweka kichwa cha mama mapajani. Chai ilikuwa imemwagika juu ya kitenge kipya na bado ilikuwa ya moto. Koko Sophie aliuliza kama misa imeanza. Kyakimwa akamjibu kwamba bado, wanamngoja. Hakuuliza tena. Alifariki kabla haijapatikana gari ya kumpeleka kituo cha afya.

Wakati wanangoja gari ya kumbeba marehemu, Kyakimwa alizunguka mbele akaitazama tairi. Ilikuwa imevua ngozi yake yote. Ilikuwa ile iliyokwanguliwa. Edmond alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, akiitazama pia. Macho yao yakakutana juu ya boneti, na Edmond akawa wa kwanza kuyaondoa.

Paulin alirudi kutoka Kampala siku hiyohiyo. Alilia, na alilia kweli. Hilo Kyakimwa hakulikana kamwe. Alianguka juu ya jeneza kama mtoto. Na jeneza alilinunua yeye, lenye kioo na mishikio ya shaba. Ng'ombe wawili alinunua yeye. Mahema, viti, mchele, mabasi ya kuwaleta ndugu kutoka Lubero na Kanyabayonga, vyote yeye. Watu walisema Butembo haijaona matanga kama yale kwa miaka. Mama alikufa, walisema, lakini alizaa mtu.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ukakaa. Aliyeongoza alikuwa baba mkubwa Josaphat, ndugu wa marehemu baba yao, mzee mwenye sauti ndogo ambayo watu hunyamaza ili waisikie. Alisema kifo kimetokea barabarani na barabara ina mambo yake. Lakini kuna neno linatembea katika familia, na neno linalotembea bila miguu ni afadhali likalishwe. Neno lenyewe lilikuwa hili: kwamba mke wa Edmond alisoma kitu kwenye tairi, akajua zitapasuka, akanyamaza, akampandisha mama.

Kyakimwa alielewa mara moja neno lilipoanzia. Jemima, akiwa amefungwa bega hospitalini, aliwaambia watoto wa Paulin, baba yake mkubwa: Mama alikuwa amesema. Njiani, kutoka kinywa hadi kinywa, "alikuwa amesema" ikawa "alikuwa amejua".

"Nilisema," Kyakimwa aliwaambia. Alikuwa amesimama, kitambaa cha kidonda bado kipo kwenye paji. "Nilisema kule depo mbele ya shemeki Paulin. Nilisema ndani ya chumba, na nilionyesha bwana yangu daftari. Nilisema tena asubuhi ya safari. Mara tatu."

Paulin alikuwa ameinamia simu yake. Hakuinua kichwa. Mmoja wa wanawake wa ukoo akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo kila mtu aliisikia kwamba mtoto wa watu anataka kumbebesha Paulin maiti ya mama yake, Paulin aliyemzika namna ile.

"Muite Ignace, kwado," Kyakimwa alisema. "Yeye njo alinifundisha kusoma namba. Mumuulize."

"Mutu wa kuja anajua nini ya nyumba yetu?" Josaphat alijibu, bila ukali. "Tutamuuliza mutoto wetu. Edmond. Bibi yako alikuambia?"

Mvua ilikuwa imeanza kwenye hema. Edmond aliangalia viatu vyake. Kyakimwa alimtazama kichwani, mahali nywele zilipoanza kupungua, akamngoja kama anavyomngoja mwanafunzi ambaye jibu analijua. Katika darasa lake angemwongezea muda. Angempa dakika nyingine.

"Mi hapana kumbuka," Edmond alisema.

Hapo kesi ikaisha. Ukoo ukamtoza Kyakimwa amande, yaani faini, ya mbuzi mmoja, si kwa ubaya, Josaphat alieleza, bali kupoza mioyo. Kwa maana mwenye kuona nyoka nyumbani haridhiki kusema tu, hushika fimbo. Edmond hakuwa na fedha za mbuzi. Kyakimwa hakuwa na kitu. Likelemba yake ilikuwa Kabasha. Basi Paulin akatuma kijana alete mbuzi kutoka kwake, akasema hesabu hizo ni ndogo kati ya ndugu. Mbuzi akachinjwa mchana uleule. Kyakimwa ndiye aliyepakua. Alipomfikia Paulin, Paulin alipokea sahani kwa mikono miwili, akasema, "Wasingya, shemeki." Asante.

Wiki tatu Edmond hakulala vizuri. Siku moja baada ya misa, wakiwa peke yao chumbani, aliketi kando ya kitanda akasema kwamba anakumbuka. Yote. Depo, daftari, asubuhi ile uani.

"Minakumbuka kila neno, Mama Jemima. Unisamehe."

"Unakumbuka hapa," Kyakimwa alisema.

"Paulin akituacha, Jemima atasoma na nini? Mabati ya nyumba ni yake. Ningesema pale, ningemuua mama mara ya pili, na ndugu yangu juu yake."

"Uende useme kule ulisema haukumbuke. Ukitoka kule, nitakusamehe hapa hapa. Minakuapia."

Edmond alilia. Kyakimwa alimletea maji ya kunawa uso. Edmond hakuenda; si wiki ile, wala mwezi uliofuata. Shule zilipofunguliwa, Paulin akamwambia kwamba mtu wa hesabu hapaswi kufa na chaki, akamweka gérant, msimamizi, wa depo. Edmond akaacha kufundisha. Sasa alirudi nyumbani na harufu ya mpira kwenye kola, akaleta nyama Jumatano, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ule uso wake wa upole ulifaa dukani. Wateja walimwamini.

Kyakimwa akaandika barua kuomba ahamishiwe shule ya Beni. Mkuu wa ofisi ya elimu aliisoma mara mbili.

"Madame, batu ya Beni banakimbilia huku. Kule kuko masasi, batu banauawa. Wewe unatoka huku unaenda kule?"

"Beko na batoto kule?"

"Beko. Hata walimu banakosa."

"Basi."

Ndugu zake walimwita mwendawazimu. Alitaka kuondoka na Jemima, lakini bega la Jemima lilikuwa limeunga vibaya, na hospitali ilikuwa Butembo, na shule ya masista, na ada yake, na kila aliyeulizwa alisema mtoto abaki. Jemima mwenyewe, wakati wa kufunga mizigo, alimwambia kwa sauti ndogo, "Mama, mimi njo nilisema kwa batoto ba baba mukubwa. Kama ningenyamaza…"

"Hapana," Kyakimwa alimkatiza. Alimshika uso. "Ulisema kweli. Usijutie hata siku moja. Hata bakikuchinjia mbuzi, usijutie."

Alipita Kabasha nyuma ya pikipiki, amefunga macho kwa kitambaa, akamwambia dereva ni kwa ajili ya vumbi.

Huko Beni alipata chumba kwa mjane mmoja karibu na parokia, na darasa la watoto themanini, nusu yao wakimbizi kutoka vijiji vya porini. Ziko siku ambazo shule hufungwa kwa sababu ya habari mbaya kutoka upande wa Oicha, na siku hizo huketi mlangoni akisahihisha daftari. Wanafunzi wake wanamwogopa kidogo. Hacheki sana. Ukikosea jibu anakueleza mara tano bila kuchoka, lakini ukisema umesahau, na anaona hukusahau, anakuacha umesimama mpaka kengele ilie.

Edmond alimfuata mara moja tu, mwaka ulipogeuka. Alikuja kwa pikipiki asubuhi, amevaa koti jipya, amebeba mkate na sukari. Mjane akampa kiti. Alieleza habari za Jemima, kwamba mkono unainuka mpaka hapa, akaonyesha. Alieleza habari za nyumba. Kisha akauliza atarudi lini.

"Siku utaita bale bote balikaa chini ya hema," Kyakimwa alisema. "Josaphat, Paulin, ba mama. Bote. Unipigie simu tu, nitakuja siku ile ile."

Edmond aligeuza glasi ya maji mikononi. Alisema Josaphat ni mgonjwa siku hizi. Alisema Paulin naye anaumwa moyo. Kisha Edmond akasimama, maana mwendesha pikipiki alikuwa amesema hataki kupita barabarani baada ya saa nane. Walipeana mkono kama watu wa ofisi. Alipoondoka, Kyakimwa aliugawa mkate kwa watoto wa mjane, akaiosha glasi, akarudi kwenye daftari zake. Zilikuwa zimebaki arobaini na moja.